Jean Jadot: Mhandisi wa reli ambaye jina lake lilibebwa na mji wa Likasi kwa miaka 35

Kuanzia mwaka 1931 hadi 1966, mji wa Likasi katika eneo la Katanga, kusini mashariki mwa Kongo, haukuitwa Likasi. Ramani, tiketi za treni na bahasha za posta ziliuita Jadotville. Anayelitafuta jina hilo leo hukutana kwanza na filamu ya mwaka 2016 kuhusu wanajeshi wa Ireland waliozingirwa mjini humo Septemba 1961 wakiwa katika kikosi cha Umoja wa Mataifa. Ni wachache wanaojiuliza Jadot mwenyewe alikuwa nani.

Hakuwa mwanajeshi wala mmisionari, na hakuwa mtawala wa koloni. Jean Jadot alikuwa mhandisi wa reli kutoka kijiji cha On nchini Ubelgiji. Alianza kazi kwenye reli ndogo za mkoa wake, akajenga tramu Misri, akasimamia ujenzi wa moja ya njia ndefu za reli nchini China, kisha akaacha kabisa kazi ya kupima na kujenga akaenda kuongoza benki. Kupitia benki hiyo ndipo mkono wake ulipofika Katanga, na hatimaye Shituru, ambako kiwanda kilichobadilisha namna ya kutengeneza shaba barani Afrika kilianza kazi mwaka 1929.

Maisha yake ni kisa cha mtu aliyebadilisha kazi mara kadhaa na kila mara akapanda ngazi. Kwa wenyeji wa mji uliopewa jina lake, kisa hicho kina upande wa pili, kwa sababu mfumo aliousimamia uliwahitaji kwa maelfu lakini uliwawekea mpaka wa kazi walizoweza kuzifikia.

Kutoka On hadi Cairo

Jadot alizaliwa Novemba 28, 1862 katika kijiji cha On, jimbo la Luxembourg la Ubelgiji, eneo la misitu na machimbo ya mawe. Alisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain, wakati ambapo Ubelgiji ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotangulia Ulaya kwa makaa ya mawe, chuma na reli.

Utangulizi huo ulikuwa na shida yake. Nchi ilikuwa ndogo, na reli zake kuu zilikuwa zimekwisha kujengwa. Vyuo viliendelea kutoa wahandisi, lakini kazi kubwa nyumbani zilikuwa zinapungua. Kilichobaki kwa wengi ni reli nyembamba za mikoani, zile za kuunganisha vijiji na masoko, na ndiko Jadot alikoanzia.

Makampuni ya Ubelgiji yalikuwa yameiona hali hiyo na kuanza kuuza ujuzi nje: tramu, reli, mitambo ya umeme, pamoja na mikopo ya kuvilipia. Mhandisi kijana aliyekuwa tayari kufunga sanduku alikuwa na soko Ulaya ya Mashariki, Amerika ya Kusini na Mashariki ya Kati. Mwaka 1894, akiwa na umri wa miaka 31, Jadot alikwenda Misri. Huko alifanya kazi katika miradi ya tramu za Cairo na reli nyepesi za Misri ya Chini, eneo la delta ya Mto Nile.

Misri ilimfundisha mambo ambayo hayamo katika vitabu vya uhandisi. Mradi wa tramu ulihitaji kibali cha serikali, mkopo wa benki, ardhi ya watu na mamia ya vibarua. Mhandisi aliyejua kuchora tu alibaki mtumishi wa wengine. Aliyeweza kuzungumza na waziri asubuhi, na mwenye benki mchana, ndiye aliyepewa mradi uliofuata.

Reli ya Beijing hadi Hankou

Mradi uliofuata ulikuwa mkubwa kuliko wowote aliowahi kuuona. Serikali ya China ilikuwa imekubaliana na kundi la wakopeshaji wa Ubelgiji na Ufaransa kujenga reli kutoka Beijing kwenda Hankou, bandari ya Mto Yangtze. Jadot alipewa usimamizi wa ujenzi, na mwaka 1898 akaondoka Misri kwenda China.

Njia hiyo ilikuwa na urefu wa takriban kilomita 1,214. Kazi ilianzishwa kutoka ncha zote mbili, na miaka miwili baadaye ikaingia katika moto. Mwishoni mwa Mei 1900 vuguvugu la Boxer, lililopinga wageni na mali zao, lilishambulia njia hiyo karibu na Beijing. Stesheni zilichomwa. Wahandisi wa Kibelgiji na familia zao walikimbia kwa miguu na kwa mashua kuelekea Tianjin, na baadhi yao wakauawa njiani.

Vita vilipotulia kazi ilirudi palepale. Kikwazo cha mwisho kilikuwa Mto Huang He, ambao kitanda chake ni mchanga na matope, na ambao huhama njia yake kila baada ya vizazi kadhaa. Daraja la chuma lenye urefu wa karibu kilomita tatu liliwekwa juu yake. Mwezi Novemba 1905 reli yote ilizinduliwa, na Jadot, aliyekuwa akikaribia miaka 43, akawa na jina kubwa katika ofisi za Brussels na Paris.

Kuna mhandisi mwingine wa rika lake ambaye habari zake zinafaa kuwekwa kando ya hizi. Zhan Tianyou, aliyezaliwa Guangdong mwaka 1861, alipelekwa Marekani na serikali ya China akiwa mtoto na kumaliza masomo ya uhandisi katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1881. Mwaka uleule Jadot alipomaliza kazi yake, Zhan alianza kujenga reli ya kutoka Beijing kwenda Zhangjiakou kupitia milimani, kwa fedha za China na wahandisi wa China. Aliikamilisha mwaka 1909. Mwanzoni mwa mwaka huohuo serikali ya China ilikuwa imelipa deni la reli ya Hankou na kuichukua mikononi mwake.

China iliweza kuichukua reli ya Jadot kwa sababu ilikuwa na fedha za kukopa kwingine, lakini pia kwa sababu ilikuwa imeanza kuwa na watu wake wa kuiendesha. Katanga ingekuja kulijua jambo hilo kwa njia ngumu zaidi.

Makampuni matatu ya 1906

Aliporudi Ubelgiji, Jadot hakutafuta daraja jingine la kujenga. Mwaka 1906 alijiunga na uongozi wa Société Générale de Belgique, benki iliyokuwa na hisa katika migodi, viwanda vya chuma na reli za nchi hiyo. Wenye fedha walikuwa wengi humo. Waliokosekana ni watu walioweza kusoma mchoro wa mradi wa mbali na kusema kama utasimama au utaanguka.

Wakati huohuo Mfalme Leopold II alikuwa amebanwa. Ukatili uliofanywa kwa ajili ya mpira katika Dola Huru ya Kongo ulikuwa umefichuliwa, na dalili zilionyesha kwamba nchi hiyo haitabaki mali yake binafsi. Alitaka mtaji mkubwa uingie katika madini kabla ya mabadiliko hayo. Katika majuma machache ya mwisho wa mwaka 1906 yalizaliwa makampuni matatu, na Jadot alikuwa katikati ya yote: Union Minière du Haut-Katanga kwa ajili ya shaba, Forminière kwa ajili ya misitu na madini mengine, na kampuni ya reli ya BCK ya kuiunganisha Katanga na Kongo ya Chini.

Ushirika katika Union Minière ulikuwa wa Société Générale na kampuni ya Uingereza ya Tanganyika Concessions, iliyokuwa ya Robert Williams. Koloni lilipohamishiwa kwa serikali ya Ubelgiji mwaka 1908, makampuni hayo yalibaki na maeneo yao.

Mafundi waliokuwapo kabla yake

Shaba ya Katanga haikugunduliwa na wageni. Karne nyingi kabla ya Union Minière, mafundi wa eneo hilo walichimba mawe ya kijani, wakayachoma kwa makaa ya miti katika tanuru za udongo zenye mivukuto, na kumimina shaba katika umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilitumika kama fedha na mahari, na biashara yake ilifika mbali. Chini ya Msiri, mtawala wa Wayeke aliyekuwa na makao yake Bunkeya, shaba hiyo ilisafirishwa kuelekea pwani zote mbili za bara.

Msiri aliuawa Desemba 1891 na msafara uliotumwa na Leopold. Mwaka uliofuata mtaalamu wa miamba wa Kibelgiji, Jules Cornet, alipita Kambove na maeneo ya jirani na Likasi akiandika alichokiona. Mengi aliyoyaona yalikuwa mashimo yaliyochimbwa na wenyeji. Wachoraji wa ramani waliomfuata mara nyingi waliongozwa na mashimo hayohayo.

Ujuzi wa kuyeyusha ulikuwa wa ukoo, wenye miiko na walimu wake. Makampuni yalipochukua maeneo, tanuru hizo zilizimwa, na watoto wa mafundi wakaingia migodini kama vibarua wa kubeba mawe. Hiyo ndiyo ilikuwa badiliko la kwanza la kazi ya kitaalamu katika Katanga ya karne ya 20, na lilikuwa la kushuka.

Reli iliyoleta wafanyakazi

Union Minière isingeweza kufanya lolote bila reli, na hapo ndipo uzoefu wa Jadot ulipokuwa na thamani. Njia kutoka kusini, kupitia Rhodesia, ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Mwaka uliofuata tanuru la kwanza la kampuni likawashwa huko. Reli ikasonga mbele kuelekea Kambove, ikilipita eneo la Likasi, na kufika Bukama kwenye Mto Lualaba mwaka 1918.

Kazi kubwa zaidi ya BCK ilikuja baadaye: njia ya zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Bukama kupitia Kasai hadi bandari ya mto ya Ilebo, iliyoitwa Port-Francqui. Ilifunguliwa mwaka 1928 mbele ya Mfalme Albert. Kwa njia hiyo shaba ya Katanga iliweza kusafiri hadi baharini ndani ya koloni lenyewe, kwa treni na meli za mtoni.

Reli ilibeba watu pia. Katanga ilikuwa na watu wachache kulinganisha na mahitaji ya migodi. Mwanzoni wengi waliajiriwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini na Angola, wengine wakatoka Ruanda-Urundi. Vifo kambini vilikuwa vingi katika miaka ya mwanzo, na mikataba ilikuwa mifupi, hivyo mtu aliondoka alipokuwa ndiyo kwanza anaanza kuizoea mashine. Njia ya Kasai ilifungua chanzo kingine. Vijana wa Kasai, wengi wao wakiwa wamepitia shule za misheni, walifika kuwa makarani, mafundi na wafanyakazi wa reli.

Mwaka 1928 Union Minière ilibadilisha sera yake. Mfanyakazi alianza kupewa mkataba wa miaka mitatu, akaruhusiwa kuja na mke, akapewa nyumba, posho, zahanati na shule ya watoto. Haikuwa huruma peke yake. Kampuni ilikuwa imepiga hesabu na kuona kwamba mtu anayekaa hujifunza, na anayejifunza hugharimu kidogo kuliko Mzungu.

Hesabu hiyo ilikuwa na historia. Mwaka 1920 wafanyakazi Wazungu, wengi wao kutoka Afrika Kusini na Uingereza, waligoma wakidai mishahara zaidi. Baada ya hapo kampuni ilianza kuwaondoa polepole na kuwapa Waafrika kazi zao za mikono: kuendesha mashine, kufunga vyuma, kutengeneza injini. Kwenye reli za Katanga Mkongo aliweza kushika usukani wa treni, kazi ambayo upande wa Rhodesia ilibaki ya Wazungu kwa miaka mingi zaidi.

Lakini mlango huo ulikuwa na kimo chake. Juu ya fundi na dereva kulikuwa na ngazi ya wahandisi, wakemia na wakuu wa idara, na ngazi hiyo iliwekwa kando kwa watu kutoka Ulaya. Hakukuwa na chuo kikuu katika koloni lote. Kijana wa On aliweza kuanza na reli ya kijijini na kumaliza katika ofisi ya benki. Kijana wa Likasi aliyeanza na nyundo alimaliza na nyundo kubwa zaidi, au akiwa msimamizi wa wenye nyundo.

Kiwanda cha Shituru

Mwaka 1913, akiwa na miaka 50, Jadot alikuwa gavana wa Société Générale, cheo cha juu kabisa cha benki hiyo. Mwaka mmoja baadaye Ujerumani iliivamia Ubelgiji. Wakati wa ukaliaji huo ilikuwa Société Générale iliyopewa kazi ya kutoa noti za nchi badala ya benki kuu, na mhandisi wa zamani wa reli akajikuta anasimamia fedha za taifa lililotekwa.

Vita vilipokwisha alirudi kwenye suala la Katanga, ambalo sasa lilikuwa suala la kemia. Madini yenye shaba nyingi, yaliyofaa kutupwa moja kwa moja katika tanuru, hayangedumu. Yaliyobaki kwa wingi yalikuwa na shaba kidogo zaidi. Pia tanuru zilikula makaa, na makaa hayo yalitoka Wankie huko Rhodesia, yakisafirishwa mamia ya kilomita.

Njia iliyochaguliwa ilikuwa imeanza kutumika kwa kiwango kikubwa Marekani na Chile. Mawe husagwa hadi kuwa unga, kisha hutiwa katika matangi yenye asidi ya salfa. Shaba huyeyuka kama chumvi katika maji na kuacha mchanga. Maji hayo ya buluu huchujwa na kupitishwa katika mabirika yenye umeme, na shaba hujikusanya taratibu juu ya mabamba hadi kuwa safi ya kutosha kwenda sokoni.

Mahali palipochaguliwa ni Shituru, jirani na Panda, ambako tangu mwaka 1921 kampuni ilikuwa na mtambo wa kuchambua madini. Shituru ilianza kuzalisha mwaka 1929. Kiwanda cha asidi kilijengwa karibu, na umeme ukatafutwa katika maporomoko ya Mto Lufira, ambako kituo cha Mwadingusha kilianza kazi mwaka 1930. Kituo hicho kilipewa jina la Emile Francqui, naibu wa Jadot katika benki. Francqui naye alikuwa mtu wa kazi nyingi: alifika Katanga mara ya kwanza mwaka 1891 akiwa mwanajeshi, akawa konsuli wa Ubelgiji huko China, kisha mwenye benki.

Teknolojia mpya ilileta kazi mpya. Tanuru lilihitaji mtu mwenye nguvu na uvumilivu wa joto. Shituru ilihitaji mtu wa kupima ukali wa asidi, kusoma mita za umeme, kutunza pampu na kuziba bomba kabla halijamuunguza mwenzake. Kazi ya mwili iliendelea kuwapo, lakini kosa dogo la kipimo sasa liliweza kuharibu uzalishaji wa siku nzima. Waafrika wa Shituru walijifunza kazi hizo moja baada ya nyingine, wakiwa zamu usiku na mchana. Jina la cheo chao halikubadilika: katika vitabu vya kampuni waliendelea kuandikwa chini ya kundi la wafanyakazi wenyeji, mbali na orodha ya wataalamu.

Mji wapewa jina, mwenye jina anaaga

Mwaka 1931 makazi ya Likasi na Panda yalipewa jina la Jadotville. Heshima hiyo ilikuja katika wakati mbaya. Mdororo wa uchumi wa dunia ulikuwa umeangusha bei ya shaba. Union Minière ilizima mitambo, na idadi ya wafanyakazi Waafrika ikaporomoka kwa zaidi ya nusu katika muda mfupi. Treni zilizowaleta ziliwarudisha vijijini, pamoja na ujuzi waliokuwa wameupata.

Jadot alifariki dunia mjini Brussels Februari 1, 1932, akiwa na miaka 69. Francqui alirithi kiti chake. Benki aliyoiacha ilikuwa na mkono katika sehemu kubwa ya uchumi wa Kongo: shaba, almasi, reli, umeme.

Alichokiacha Shituru

Mdororo ulipopita, wafanyakazi walirudi. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, shaba ya Katanga ilihitajika kwa majeshi ya Washirika na kazi ikaongezwa, huku bei za vyakula na nguo zikipanda kuliko mishahara. Desemba 1941 wafanyakazi wa Shituru na Panda waligoma. Wanajeshi waliwafyatulia risasi na baadhi yao wakauawa. Siku chache baadaye, Desemba 9, mgomo kama huo huko Elisabethville ulimalizika kwa mauaji ya makumi ya watu, akiwamo kiongozi wao, karani Léonard Mpoyi.

Chuo kikuu cha kwanza nchini, Lovanium, kilifunguliwa mwaka 1954 jirani na Léopoldville. Cha Elisabethville kilifuata mwaka 1956. Miaka minne ilikuwa michache mno kumtoa mhandisi. Kongo ilipopata uhuru Juni 30, 1960, hesabu zinazotajwa mara nyingi hazifikishi Wakongo 30 wenye shahada ya chuo kikuu katika nchi nzima. Katika viwanda kama Shituru kulikuwa na mamia ya watu walioweza kuendesha kila sehemu ya mtambo kwa mikono yao, na hakukuwa na mmoja wao aliyeandaliwa kuuongoza.

Mwaka 1966 mji ukarudishiwa jina la Likasi, na mwanzoni mwa 1967 serikali ya Mobutu ikaitaifisha Union Minière. Kampuni mpya, ambayo baadaye iliitwa Gécamines, ililazimika kusaini mkataba na kampuni tanzu ya Société Générale ili wahandisi wa kigeni waendelee na kazi. Benki ya Jadot ilikuwa imepoteza migodi, lakini kwa muda ilibaki na ujuzi, nao ulilipiwa.

Pengo hilo lilizibwa polepole. Kitivo cha uhandisi cha Lubumbashi kilitoa vijana wake, Gécamines ikawafundisha na kuwapeleka ng'ambo, na kufikia miaka ya 1980 Wakongo walikuwa wanaongoza idara, maabara na viwanda. Mwaka 1986 kampuni ilizalisha takriban tani 476,000 za shaba. Kile ambacho mfumo wa kikoloni ulikiweka mbali kwa nusu karne kilikuwa kimefikiwa katika miaka isiyozidi 20.

Hakikudumu. Mitambo haikutunzwa, fedha zilichotwa, na Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto huko Kolwezi ikaporomoka. Kisha zikaja siasa za ukabila. Kati ya 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, wengi wao wakiwa wamezaliwa hukohuko, wajukuu wa makarani na mafundi walioletwa na reli ya BCK. Maelfu walijazana kwa miezi katika stesheni ya Likasi wakisubiri treni, na wengi, hasa watoto, walifia hapo kwa njaa na magonjwa. Miongoni mwa waliopanda treni hizo walikuwa wahandisi, walimu na mafundi wa Gécamines ambao hawakupata wa kuwarithi. Mwaka 1994 uzalishaji wa shaba ulikuwa chini ya tani 50,000.

Mwaka 2003, kwa mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa malipo ya mkupuo mmoja. Baadhi yao walikuwa na zaidi ya miaka 20 kazini. Wengine walifungua vibanda, wengine wakalima, na wengine wakaingia mashimoni kuchimba kwa sululu na koleo pamoja na vijana ambao hawakuwahi kuajiriwa. Mji uliokuwa na wataalamu wa kemia ya shaba ukarudi kwenye zana ambazo babu zao walizijua.

Leo Shituru ni moja ya wilaya nne za Likasi, na kiwanda cha mwaka 1929 bado ni mali ya Gécamines. Jirani yake imo kampuni ya ubia, Shituru Mining Corporation, ambayo wabia wake wakuu wametoka China. Wahandisi wa Kichina wanasimamia mitambo katika sehemu nyingi za Katanga, kama wahandisi wa Kibelgiji walivyosimamia ujenzi wa reli kati ya Beijing na Hankou wakati wa Jadot. Hatua iliyoibeba China kutoka upande mmoja hadi mwingine ilianza mapema, pale watoto kama Zhan Tianyou walipopelekwa shule miaka mingi kabla ya reli ya kwanza ya wazalendo kujengwa.

Kongo sasa inaongoza duniani kwa kobalti na ni miongoni mwa nchi za mbele kwa shaba. Sheria ya mwaka 2017 inataka kazi za kandarasi ndogo ziende kwa makampuni yenye Wakongo wengi katika umiliki. Kila mwaka Chuo Kikuu cha Lubumbashi kinahitimisha wahandisi wa madini, kemia na umeme. Kwa vijana hao, umbali wa kutoka Lubumbashi hadi lango la kiwanda cha Shituru ni kilomita zipatazo 120, kando ya reli ileile. Kinachosubiriwa ni idadi ya watakaoingia lango hilo wakiwa wahandisi, na wangapi kati yao watafika kwenye meza ya bodi, mahali ambapo Jadot alifika akitokea kwenye reli ya kijijini kwao.